Simu ya Chumba cha Barafu

Taa ya tundu la tano ilikuwa inawaka, na tundu la tano halikuwa na waya.

Idrisi aliiona Jumatatu asubuhi alipofungua bucha yake hapo Makutano, Meru. Swichi ya mtandao, kisanduku cheusi chenye matundu manane, ilikuwa ukutani juu ya meza ya ofisi. Mizani ilikuwa na tundu lake, kamera lake, simu ya kaunta lake. La tano lilikuwa la simu ya chumba cha barafu, na waya wake Idrisi aliuchomoa kwa mkono wake baada ya mazishi ya mfanyakazi wake, Naftaly. Sasa kitaa cha kijani kilikuwa kinapepesa polepole. Aligusa kisanduku. Siku zote huwa na joto. Leo kilikuwa baridi.

Swichi hiyo ilikuwa imewekwa na Kendi, fundi wa kompyuta mwenye duka karibu na steji ya matatu. "Hii si ile ya kuchomeka na kusahau," alimwambia Idrisi siku ile. "Iko na ukurasa wake. Unaandika anwani, unaweka nywila, unaona matundu yote. Ukitaka kuzima moja, unabonyeza hapa, hata kama uko mbali na unatumia simu yako. Na kila kitu inaandika, nani amefanya na saa ngapi." Alimweleza pia kwamba simu ya chumba cha barafu inapata umeme kwa waya huohuo wa mtandao. Tundu likizimwa, simu inakufa.

Simu yenyewe iliwekwa kwa sababu kitasa cha ndani cha mlango kilikuwa kimevunjika, na Idrisi alikuwa akiahirisha kukitengeneza.

Aliupenda ule ukurasa. Aliufungua akila, aliufungua akinyolewa. Naftaly, mkata nyama wake kutoka Kanyakine, alikuwa na mazoea ya kupiga simu kaunta kutoka kule ndani ili kumchekesha Mwanakombo, mke wa Idrisi, aliyekaa kwa keshia. Alhamisi moja foleni ya wateja ilikuwa ndefu na simu ikalia tena. Idrisi akabonyeza. Tano ikawa nyekundu. Alijiambia ataiwasha kesho.

Kesho yake walifunga mapema kwenda harusini Isiolo, na kila mmoja alidhani Naftaly ameshaondoka. Walimkuta Jumamosi asubuhi, amekaa nyuma ya mlango, mkono wa simu mapajani. Simu yake mwenyewe ilikuwa kaunta, kwenye chaji.

Kabla polisi hawajafika, Idrisi aliliwasha tundu na kufuta mstari ulioandikwa jina lake. "Simu inafanya kazi, jaribuni," alimwambia ofisa. "Sijui kwa nini hakupiga. Labda alikuwa amekunywa." Naftaly hakuwahi kuonja pombe. Lakini neno hilo lilifika Kanyakine kabla ya jeneza, na Joyline, mjane wake, alimzika mumewe watu wakinong'ona.

Jumatatu hiyo ya taa, mchana, simu ya kaunta ililia. Mwanakombo aliangalia kioo cha simu, akaiacha ilie.

"Baba Nadhira," alisema kwa sauti ya chini. "Inatoka chumba cha barafu."

"Hiyo haina waya."

"Najua haina waya."

Idrisi aliinua mkono wa simu. Alisikia kwanza mvumo kama wa feni, kisha pumzi fupifupi za mtu anayetetemeka, na nyuma ya pumzi hizo ukucha ukikwaruza bati, taratibu, ukitoka juu ukishuka chini, ukaanza tena, na harufu ya barafu iliyoshika damu ya zamani ikamwingia puani mpaka kooni, naye alipotaka kuiweka simu chini vidole havikumtii, akabaki amesimama mbele ya wateja watatu akisikiliza meno ya mtu yakigongana, mpaka laini ikakatika yenyewe.

Alikimbilia kompyuta. Mstari aliokuwa ameufuta ulikuwa umerudi: tundu la tano limezimwa, na Idrisi. Tarehe ilikuwa ya ile Alhamisi. Aliufuta. Kesho yake ulikuwepo, na simu ikalia. Alibadilisha nywila. Ulikuwepo.

Ijumaa alimwita Kendi alete swichi mpya. Kendi aliitoa kwa karatasi yake, akaichomeka, akafungua ukurasa.

"Mzee, hii imetoka kwa boksi saa hii," alisema. "Na imeandika jina lako. Hii tarehe, si ni siku moja kabla ya kifo cha Naftaly?"

"Mashine ni mbovu."

Kendi alikusanya vifaa vyake, akaondoka bila kumtazama.

Baada ya sala ya alasiri alikuja Ustadh Muslim, msomaji wa ruqya, kisomo cha kutoa majini. Alisimama mlangoni pa chumba cha barafu akasoma, Idrisi na Mwanakombo nyuma yake. Ukuta ulianza kutoa jasho. Halafu ile simu isiyo na waya ikazungumza.

"Wewe ni nani?" Ustadh aliuliza.

"Si Naftaly," ilijibu, kwa sauti ya Naftaly kabisa. "Aliyekufa harudi. Mimi nakaa humu tangu kabla yenu. Hii sauti aliniachia yeye."

"Toka, kwa jina la Mwenyezi Mungu."

"Nitatoka. Lakini nimebeba maneno ya watu. Aliongea na hii simu mpaka giza likaingia, haikumjibu. Nilikuwa nasikiliza mimi peke yangu."

Mwanakombo alimshika mumewe mkono. "Alisema nini?"

"Alisema, bosi huangalia simu yake kila saa. Ataona tano ni nyekundu, atatuma mtu anifungulie. Alisema hivyo mpaka ulimi ukawa mzito. Maneno hayo apelekewe mkewe."

Ustadh alifunga kitabu. "Huyu simtoi kwa kisomo, Idrisi. Yeye ameshika amana."

Mwanakombo aliuachilia mkono. "Ni wewe ulizima?"

Idrisi aliinamisha kichwa.

Asubuhi alikwenda Kanyakine peke yake, na njia nzima baridi ilimkaa mgongoni kama kiganja cha mtu. Joyline alikuwa barazani akipukuchua mahindi. Idrisi alisema yote akiwa amesimama: kitasa, tundu, polisi, pombe, na maneno ya Naftaly. Baridi haikuondoka.

"Nilimzika kama mlevi," Joyline alisema. "Mwanangu Mwendwa alichekwa shuleni. Utasema hayo polisi, na Jumapili utasema kanisani."

"Nitasema, Mama Mwendwa."

Joyline alipukuchua hindi zima akalimaliza.

"Alisema utaangalia."

"Ndiyo."

"Na uliangalia?"

Hakuna mtu duniani aliyejua jibu hilo. Idrisi angeweza kusema hapana.

"Saa tisa, nikiwa harusini," alisema. "Niliona tano ni nyekundu. Nikakumbuka ni mimi niliyeizima. Nikarudisha simu mfukoni."

Kile kiganja kikamtoka mgongoni. Joyline alikuwa bado anamtazama.