Sisimizi kwenye Beji ya Mjerumani

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Syprose Oketch, fundi wa nguo za wafanyakazi kiwandani, aliitwa aache cherehani yake akatazame koti. Lilikuwa koti la zimamoto la Kijerumani, zawadi ambayo kikosi cha kujitolea cha huko Ujerumani kilikipa kiwanda hicho cha chai karibu na Sosiot miaka hamsini iliyopita. Tangu hapo lilikaa ukumbini ndani ya kabati la kioo, pamoja na helmeti yake. Leo sisimizi walikuwa wamepanga foleni kutoka sakafuni hadi kwenye beji ya mkono wa kushoto.

"Hiyo beji ni feki," alisema Kepher, mnunuzi wa vitu vya kale aliyekuja kulikagua koti. Aliimulika kwa taa ya kutambulia noti bandia. Koti lilibaki jeusi, lakini nyuzi za beji ziliwaka buluu. "Uzi wa zamani hauwaki hivi. Huu ni wa juzi."

Meneja, Bi. Phyllis, alimgeukia Kipkirui, mlinzi wa ukumbi. "Mzee, ufunguo wa kabati ni wako. Saa sita nisipoona beji ya kweli, naandika barua ya kukufuta."

Kipkirui alikuwa amebakiza miezi mitatu astaafu. Syprose akamhurumia.

"Madam, nipe hiyo masaa," akasema. "Nguo ni kazi yangu."

Mlangoni alisimama Alexander, kiongozi wa zimamoto wa kiwanda, koti lake amelikunja kwapani ingawa baridi ilikuwa ya kutafuna mifupa.

Syprose alianza na Kepher. "Hizi wikendi mbili zilizopita, ukumbi ukifungwa, ulikuwa wapi?"

"Kedowa, zote mbili, kwa matayarisho na harusi ya dada yangu. Na kama ningeiba, ningewaambia ni feki? Si ningenyamaza niende zangu?"

Syprose akakubali shingo upande. Akaifumua beji, akainusa, kisha akaigusa kwa ncha ya ulimi. Akaangua kicheko.

"Mtu ameichovya kwa chai ndio ikae ya zamani! Na imepikwa na maziwa na sukari, vile tunapika nyumbani!"

Chai imejaa vilima vyote, na bado mwizi hakukumbuka kwamba inaweza kupikwa bila maziwa wala sukari. Sisimizi walikuwa wamekuja kunywa.

"Mzee, kwako sukari iko?"

"Daktari alinikataza, miaka nne sasa. Hata maziwa niliacha. Mimi ni chai ya rangi, strungi tu."

"Na ufunguo, umewahi kutoka kwa mkono yako?"

Kipkirui akafikiri. "Ijumaa ya wiki mbili zilizopita. Alexander alichukua, akasema anapolish helmeti ya huyo Mjerumani."

Syprose akageuka. "Alexander, lete hilo koti."

"Ni chafu, Mama."

"Nililishona mimi. Lete!"

Kwenye mkono wa kushoto palikuwa na matundu madogo ya sindano, yamezunguka umbo la ngao sawasawa na beji.

"Haya si ya sindano yangu," alisema Syprose.

Alexander akakiri. "Nilitaka kuivaa tu kwa koito, siku ya kuposa Chepkorir huko Siongiroi. Ningerudisha Jumatatu. Lakini baba yake aliipenda, akanyoosha mkono. Sasa baba mkwe akiomba kitu siku kama hiyo, utamwambia nini?"

"Unamwambia si yako," alisema Phyllis.

"Nilishindwa, Madam. Nikampa, halafu nikatengenezewa ingine Kericho."

"Na mzee angefutwa, wewe umenyamaza tu!" Syprose alifoka, hasira imempanda kwelikweli.

Alexander akainamisha kichwa. Machozi yakamtoka bila kificho.

"Utaileta leo," Phyllis akaamua.

"Nikiomba irudi, watanikatalia Chepkorir."

Kipkirui akajikokota kutoka kitini, akavaa kofia, akachukua bakora yake.

"Kijana haendi kwa wakwe kuomba kitu peke yake," alisema. "Anaenda na mzee wa kumwongelea."

Alexander alimtazama, asiamini masikio yake. "Mzee... hata baada ya hii yote?"

"Washa pikipiki," alisema Kipkirui, "kabla sijakumbuka vile nimekasirika."