Benchi la Watu Wawili

Nitasema mapema ili tusije tukalaumiana: katika ugomvi huu mimi niko upande wa Rael. Wapiga picha wanaudhi. Mtu mzima, ndevu zimeota, anapangusa kioo cha kamera kwa leso safi kuliko ile anayojipangusia uso, halafu anashangaa msichana wake amenuna!

Yeye na Phanuel walikutana Malaba, mpakani, mwaka wa sabini na tano, asubuhi ambayo malori yalikuwa yamepanga foleni kutoka forodhani hadi karibu na stesheni ya reli. Rael alikuwa karani katika ofisi moja ya kutoa mizigo. Alivaa gauni la manjano la juu ya magoti na viatu vya raizoni vyenye soli nene, na kifuani alikumbatia faili za madereva. Phanuel, mwenye studio ya picha Busia, alikuwa akimpiga dereva mmoja picha mbele ya lori lake. Akarudi nyuma hatua moja, mbili, tatu, ili lori lienee. Hatua ya nne ilitua juu ya vidole vya Rael.

"Wewe! Huna macho?"

"Pole, dada."

Alisema hivyo bila kuinua kichwa. Kamera yake ilikuwa ile ya macho mawili, unayoishika tumboni kisha unainama kuchungulia kioo kwa juu.

"Unaongea na mimi ama na hicho kisanduku?"

"Ngoja kidogo, mawingu inakuja kufunika jua."

"Mimi ningoje? Unikanyage, halafu mimi ndiyo ningoje?"

Faili zikamponyoka. Ndipo Phanuel alipoinua uso akamwona vizuri, na jua likasahaulika. Aliokota makaratasi yote, akayapangusa moja moja kwa leso ya kamera. Laiti Rael angejua heshima aliyopewa siku hiyo!

Wakapendana. Kila Jumatano mchana Phanuel alikwenda posta ya Busia kupiga simu Malaba.

"Haloo, nipe Rael."

"Rael ameolewa," Rael alijibu kwa sauti nzito ya bandia.

"Ai! Na nani?"

"Na mtu anamwangalia usoni."

"Kipenzi, si nilikupiga picha kumi na mbili Jumapili?"

"Kumi na mbili, zote mimi peke yangu kama mjane. Yetu wawili iko wapi? Mpe Bwire wa mandazi kamera dakika moja tu, atupige."

"Bwire ana mafuta mikononi."

"Basi mpe katekista."

"Katekista anatetemeka."

"Wewe ndiyo utatetemeka siku moja," Rael akasema, na simu ikakatwa.

Sababu ilikuwepo, nami siikatai. Kamera ile aliachiwa na mpiga picha wa Jinja, Mhindi, aliyevuka mpaka mwaka wa sabini na mbili na mke, watoto na masanduku mawili, amefukuzwa pamoja na Wahindi wenzake katika mji aliozaliwa. Jambo lile linanichoma hadi leo. Phanuel alimbebea mizigo hadi kwenye behewa la treni pale Malaba, na mzee akaivua kamera shingoni akamvisha yeye. "Usimpe mtu mkononi," akamwambia. Tangu hapo Phanuel hakumpa mtu. Usiku aliivisha sweta yake mwenyewe, yeye akalala akitetemeka kwa baridi. Haya, mzee alionewa. Lakini Rael, msichana wa watu kutoka Marachi, ana kosa gani katika hayo?

Jumamosi moja Rael alishuka Busia bila kuarifu. Alikuta mlango wa studio wazi, Phanuel yuko chumba cha giza, na picha mpya zimebanwa kwenye kamba zikauke. Akazipitia kwa macho. Akasimama kwenye ya tatu. Phanuel huyo, kwa suti ya kanisani, ameketi kwenye benchi la studio na meno yote nje. Mkono wake umenyooka mabegani mwa mwanamke aliyevaa gomesi, lile gauni refu la mabega yaliyochongoka!

"Phanuel! Toka!"

Akatoka, vidole vinachuruzika dawa. "Mpenzi, umekuja! Mbona huku..."

"Usiniite mpenzi! Mwaka mzima nakuomba picha moja. Moja! Bwire ana mafuta, katekista anatetemeka. Na huyu je, nani aliwapiga? Malaika?"

Phanuel aliitazama picha, uso ukamwanguka. "Sikumbuki kukaa na huyu mama."

"Hukumbuki! Mkono uko mabegani na hukumbuki!"

Hapo akaingia mwenye gomesi mwenyewe, Amoit, mama wa Kiteso mwenye sauti ya sokoni. Alikuwa amekuja kuchukua picha yake. Alipoiona kwenye kamba, alishika kiuno.

"Wewe kijana! Huyu mwanaume ni wa nani? Mimi nilikaa peke yangu! Bwana yangu ako Mombasa, nimtumie hii kitu aseme nini?"

"Mama, hukukaa na yeye?" Rael akauliza.

"Nikae na yeye kwa nini? Mimi nina wangu!"

Rael akaivuta picha karibu na dirisha. Sasa aliona kilichomponyoka: mbao za benchi zilionekana katikati ya tumbo la Phanuel, na mkono wake ulipita ndani ya gomesi kama moshi.

"Phanuel, kwa nini naona mbao ndani ya tumbo yako?"

Phanuel akajipiga paji la uso. "Sikuzungusha filamu! Hii kamera usipozungusha, picha mbili zinaangukia mahali pamoja. Asubuhi hiyo nilijipiga mwenyewe, na kile kidude kinahesabu kama saa halafu kinabonyeza chenyewe. Nilikuwa najaribu. Huo mkono... hiyo nafasi ilikuwa yako. Nilitaka tupate yetu wawili niitume kwa baba yako Marachi, kabla wazee wangu hawajaenda kuposa. Halafu mama akabisha, nikasahau, na kule gizani nikasafisha bila kuangalia."

Amoit akatulia. Rael hakutulia, na mimi nampongeza.

"Kumbe hata kwa picha ya kunichumbia ulitafuta vile mtu asiguse hiyo kamera! Baba akiuliza nimeolewa na nani, nimwambie na kidude?" Akachukua mkoba wake. "Phanuel, mimi naenda. Siwezi kaa maisha yangu yote mbele yako na wewe hauko."

Alikuwa amefika mlangoni Phanuel alipoivua kamera shingoni. Mikono ilimtetemeka kuliko ya katekista. Akaiweka kwenye viganja vya Amoit.

"Mama, tafadhali. Chungulia kwa juu. Bonyeza hapa."

"Mimi? Nikiiangusha?"

Phanuel akaondoa mikono. "Bonyeza tu."

Rael akarudi polepole, akaketi kwenye benchi. Phanuel akaketi kando yake, lakini shingo ilikuwa imenyooka kuelekea mikono ya Amoit.

"Niangalie mimi," Rael akasema.

"Nikikuangalia, nitajuaje hajaiangusha?"

"Hutajua."

Phanuel akageuka, akamtazama Rael usoni. Kamera ikalia kach!

"Haya," Amoit akasema, "sasa zungusha filamu, na mimi nikae peke yangu."