Magari ya Rawia Hayatoki Kabla ya Adhana

Foleni ya katayef, vile vitumbua vitamu vya kukunja, pale Manshia mjini Iskandaria, alasiri ya Ramadhani, haina adabu. Watu wana njaa, jua linachoma visogo, na muuzaji anamimina uji wake juu ya bamba la moto taratibu, kana kwamba adhana ni shida ya wengine. Rawia alikuwa amesimama hapo mpaka miguu imemfa ganzi. Gauni lake refu la rangi ya zeituni lilikuwa limeshika vumbi, na mtandio mweupe alioufunga vizuri asubuhi ulikuwa umelegea upande mmoja. Basi alipomwona mwanamume mrefu, shati la buluu limepigwa pasi hadi linang'aa, akipenya kutoka pembeni na kumwinulia muuzaji mkono, damu ilimpanda.

"Ewe ustaadh! Foleni inaanzia huku nyuma. Au shati limekuziba macho?"

Watu wakacheka. Yule mwanamume akageuka, masikio yamemwiva.

"Samahani, dada. Shangazi yangu ananingoja Sidi Bishr kwa futari, na mimi sijawahi kuchelewa mahali."

"Hujawahi?"

"Tangu nizaliwe."

"Hata kuzaliwa ulizaliwa kwa saa?"

"Mama anasema nilitangulia kidogo."

Rawia alicheka bila kupenda, na kucheka huko kukamwudhi. "Basi leo utajua ladha ya kuchelewa. Rudi nyuma."

Akarudi. Kumbe alikuwa na heshima zake. Zamu ya Rawia ilipofika, akanunua pakiti mbili, akaenda hadi mkiani mwa foleni akamtupia moja mikononi.

"Chukua, usije ukamuua shangazi wa watu kwa mshangao."

"Dokta Rawia!" muuzaji akaita. "Chenji yako!"

"Dokta," yule mwanamume akarudia, akitabasamu. "Una duka la dawa?"

"Nauza dawa, ndiyo. Na wewe?"

"Hazim. Mhandisi, natoka Kairo. Lakini sijengi kitu. Napima kazi za watu, nani bora na nani si bora."

"Mungu atuepushe nawe," Rawia alisema, na namba ya simu akampa.

Hivyo ndivyo walivyoanza, kila mmoja akijua nusu ya mwenzake. Misri nzima kila aliyesomea famasia huitwa dokta, awe anauza panadoli mtaani au anaendesha ghala zima. Hazim akajichorea picha ya duka dogo lenye kengele mlangoni, na Rawia mle ndani amevaa koti jeupe. Rawia naye hakuona haja ya kujieleza. Alikuwa na ghala huko Karmuz, tawi la Iskandaria la kampuni kubwa ya kusambaza dawa, vyumba vya baridi, magari yenye friji, na madereva wenye masharubu waliomwogopa kuliko wake zao. Mambo hayo mwanamke hamwambii mwanamume siku ya kwanza, atakimbia.

Simu zikawa za kila siku.

"Habibti, umeshaandaa futari yako?"

"Bado. Nawaandalia wanaume wangu kwanza."

"Wanaume gani?"

"Wengi. Wote wana masharubu."

"Rawia, usinichezee moyo nikiwa na saumu."

"Fungua kwanza, halafu nitakuchezea vizuri."

Alikuwa akiongea huku ameegemea ukuta wa ghala, na mbele yake madereva wameketi kwenye meza ndefu uwanjani wakingoja adhana, maharage yanafuka moshi, sharubati ya ukwaju imejaa kwenye madumu. Hayo yalikuwa maamuzi yake, na aliyapigania. Maduka ya dawa ya Iskandaria katika Ramadhani hufungwa alasiri na kufunguliwa baada ya futari. Gari likitoka alasiri litakuta milango imefungwa, na dereva mwenye njaa, anayetaka kuwahi kwa wanawe, ataliacha boksi la insulini kwa bawabu au kwa kinyozi wa jirani, apigiwe mhuri wowote, aende zake. Insulini ikae juani kwenye kiti cha plastiki. Kwa hiyo magari ya Rawia yalitoka baada ya tende ya kwanza na sahani ya maharage, wakati mji mzima umeinamia sinia na barabara ya Kornishi imebaki ya paka. Yalifika maduka yakifunguliwa, boksi likitoka baridi la friji na kuingia baridi la friji.

Siku moja Rawia alimwuliza kwa utani, "Mhandisi, mume bora anapimwaje?"

"Rahisi. Saa anayotoka kazini na saa anayofika nyumbani."

"Na akifika akiwa ameoza?"

"Hilo halipimiki, mpenzi."

"Linapimika. Mke anaona mara moja."

Hazim akacheka sana. Rawia naye alicheka, lakini jibu lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kumi la mwisho lilipoingia, makao makuu yakawaita wakuu wa matawi Kairo, kwenye ukumbi wa hoteli wenye mazulia yanayomeza miguu. Ilikuwa siku ya Tuzo ya Ubora wa Ugavi. Rawia alivaa suti nyeusi na mtandio wa zambarau, akakaa safu ya tatu. Mkurugenzi, Ustaadh Tharwat, mtu wa tumbo na tasbihi ya kaharabu, alisema mwaka huu hakuna upendeleo: mpimaji ametoka nje ya kampuni, na matawi amepewa kwa namba tu, bila majina.

Mpimaji akapanda jukwaani. Shati la buluu.

Rawia aliganda. Hazim hakumwona. Alieleza kwa sauti yake ile ile ya kwenye simu kwamba ubora wa ugavi ni kutimiza ahadi ya saa: gari limetoka getini saa iliyopangwa, mhuri wa mapokezi umepatikana siku ile ile. Kwa kipimo hicho la kwanza ni tawi namba mbili. La mwisho, tena la mwisho kwa mbali, ambalo magari yake huchelewa kutoka kila siku ya mfungo huu, ni tawi namba saba.

"Namba mbili ni Tanta, na namba saba ni Iskandaria," Ustaadh Tharwat akadakia. "Tawi la Iskandaria litafungwa baada ya Idi, na magari yake yataongozwa kutoka Tanta."

Rawia akasimama. Hakuomba kipaza sauti.

"Nani amepima dawa?"

Vichwa vikageuka. Hazim akainua uso, na rangi ikamtoka.

"Dokta Rawia, kaa," mkurugenzi akasema.

"Nimekaa vya kutosha. Mmepima geti. Mmepima mhuri. Getini kwangu halali mgonjwa hata mmoja, na mhuri haushushi sukari. Kuna aliyefungua boksi akaligusa? Kuna aliyemwuliza mfamasia kama dawa imemfikia mkononi, au imemfikia kinyozi?" Akamtazama Hazim machoni. "Huyu bwana amepima mwendo wa saa. Saa ni nzima kabisa, mpeni saa tuzo."

Akachukua mkoba wake akatoka, na viatu vyake vilisikika hata juu ya zulia. Hazim alimkuta kwenye ngazi, anahema.

"Rawia! Wallahi sikujua ni wewe!"

"Na ungejua?"

"Ningekuja kwanza. Ningeangalia, ningeuliza..."

"Kwa hiyo angekuwa mwanamke mwingine, ingekuwa sawa?"

Hazim akashuka ngazi moja, akamkaribia.

"Nilidhani umenitongoza ili unichunguze," Rawia alisema. "Ingekuwa nafuu! Angalau ungekuwa umechunguza kitu. Wewe umelifunga tawi langu ukiwa umekaa Kairo. Usinipigie tena."

Alilia kwenye treni, uso ameugeuzia dirisha, akiona mashamba yanapita. Alikuwa anampenda, na kumpenda huko kulimkera kuliko kushindwa. Treni ilipofika stesheni ya Sidi Gabir, Iskandaria, alikuwa amekwisha kujipaka wanja upya.

Kesho yake Ustaadh Tharwat alipiga simu. Amri: mpaka tawi lifungwe, magari yatoke alasiri kama ya wengine.

"Hayatoki," Rawia alisema.

"Ukikataa, jihesabu huna kazi."

"Ufunguo wa geti nimeuvaa shingoni, ustaadh. Anayeutaka aje auvue."

Akakata simu. Madereva walikuwa wamemzunguka, masharubu yote yamemwelekea. Mkubwa wao, Ami Gabir, alikohoa.

"Binti yangu, je, tukifukuzwa?"

"Tutafukuzwa tumeshiba, Ami. Panga sahani."

Magari yakatoka baada ya adhana siku ile, na kesho yake, na kesho kutwa. Simu ya Hazim iliita hadi ikachoka. Halafu ikanyamaza kabisa, na Rawia, aliyekuwa ameapa kutojali, akawa anaitazama kila baada ya dakika kuona kama imeharibika.

Siku ya mwisho ya Ramadhani, alasiri, mtu aligonga geti. Shati lilikuwa la buluu, lakini pasi imelikimbia, na ndevu zimeota ovyo.

"Geti halifunguliwi kabla ya adhana," Rawia alisema akiwa ndani. "Umeandika mwenyewe kwenye ripoti."

"Nitangoja."

"Hapo juani?"

"Hapa juani."

Akamwacha. Alihesabu maboksi, akakosea, akahesabu tena. Mwishowe akalifungua geti kiasi cha uso tu.

"Sema."

"Nilifuata magari ya Tanta. Washindi wangu." Hazim alisugua uso kwa kiganja. "Siku tatu nimekwenda nyuma yao na teksi. Insulini ilikuwa kwenye kiti cha mkahawa, Rawia, juani, na paka amelala juu yake. Mhuri ulipigwa na mchoma mahindi. Nilimwuliza huo mhuri ni wa nani, akasema ni wa duka, wamemwachia ili dereva asipate taabu. Nikafungua boksi. Lilikuwa na moto kama mkate."

Rawia akaegemea ukingo wa geti.

"Nimemwambia Tharwat nafuta sahihi yangu kwenye ripoti. Amenifukuza na malipo hakunipa. Lakini bodi ya kampuni haiwezi kufunga tawi kwa ripoti isiyo na sahihi. Wamesimamisha kila kitu mpaka vipimo virudiwe. Virudiwe mkononi mwa mfamasia, boksi likiwa wazi. Nimewaandikia hivyo."

"Unataka nikushukuru?"

"Hapana. Nataka kazi. Hata ya kubeba."

Moyo wa Rawia ulikuwa umekwisha kufungua geti zamani, mikono ndiyo iliyokuwa inakataa.

"Kesho ni Idi," alisema. "Wagonjwa hawana Idi. Ami Gabir anataka kuswali na wajukuu zake, na gari la kwenda Abu Qir halina mtu. Unaweza kuendesha?"

"Naweza."

"Basi asubuhi utalichukua. Adhuhuri uje nyumbani kwa mama. Mjomba wangu Fikri atakuwepo." Akageuza uso, asionekane. "Kama una neno la kusema, mwambie yeye. Hapendi watu wa kuchelewa."

"Mimi sijawahi—"

"Najua. Tangu uzaliwe."

Siku ya Idi nyumba ya mama yake Rawia ilinukia samli na biskuti za kahk. Rawia alivaa gauni la hariri la rangi ya waridi, akajitia manukato mara mbili. Mjomba Fikri, suti ya kahawia na saa ya mnyororo, alikaa kwenye kiti cha wageni tangu mapema. Adhuhuri ikaadhiniwa. Ikapita. Chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena.

"Labda amepata ajali," mama akasema.

"Labda amepata akili, amerudi Kairo," Mjomba akajibu.

Rawia akaenda dirishani, akarudi. Alipiga simu, haikupatikana. Alianza kujiambia kwamba hakuwa na haja naye, na alijiambia hivyo mara nyingi mno kwa mtu asiye na haja.

Alasiri imeshaingia, kengele ikalia. Hazim alisimama mlangoni, shati limelowa maji ya barafu kifuani hadi kiunoni, suruali ina vumbi, mkononi ana pakiti ya katayef iliyopondeka.

"Nimechelewa," alisema.

"Tumeona," Mjomba akasema, ameishika ile saa.

"Mfamasia wa Abu Qir alikuwa kwa mamake, duka limefungwa, na simu yangu ikazima. Kinyozi wa jirani akatoka na mhuri. Akaniambia, acha hapa kijana, Idi njema, nenda zako." Hazim hakumtazama Mjomba, alimtazama Rawia. "Friji ya gari ilikuwa imeanza kusumbua. Nikalitia boksi barafu, nikakaa kivulini nimelipakata mpaka mwenye duka akaja. Nilijua mnanisubiri. Nilijua ni leo. Sikuweza kuondoka."

"Alifungua mwenyewe?" Rawia akauliza.

"Mbele yangu. Akaweka mkono ndani."

"Lilikuwaje?"

"Baridi, Rawia. Baridi kabisa."

Rawia akaziba mdomo kwa mtandio, macho yamemjaa. Mjomba Fikri alifunga saa yake kwa mshindo.

"Haya ndiyo maneno ya posa? Mwanamume anayechelewa siku ya kuposa, atakuwa mume wa namna gani?"

"Wa namna yangu, Mjomba," Rawia alisema, akipokea ile pakiti iliyopondeka. "Mpishe akae."