Miguu ya Cecilia na Matuta ya Karoti

Kila asubuhi binti yangu Cecilia hunichemshia uji kabla ya kwenda shambani. Shamba letu la karoti liko juu mlimani, limekatwa ngazi juu ya ngazi. Ukifika ukingoni, unavua viatu. Ndivyo tulivyolelewa huku Uluguru: kiatu hugandamiza tuta, na karoti haitaki udongo mgumu.

Mwaka mmoja Cecilia alikuwa na mimba ya miezi mitano. Alianza kusimama njiani akihema. Viganja vyake vilipauka. Mumewe, Yohana, alimtania kwamba amebeba gunia la mbolea tumboni. Hata hivyo, kila siku alimpokea kikapu bila kuambiwa.

Jirani yetu Scholastika ni mhudumu wa afya kijijini. Alimtazama Cecilia ndani ya kope, akamsindikiza zahanati. Vipimo vilionyesha minyoo ya safura na upungufu wa damu. Muuguzi alimpa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Alisema damu ikizidi kupungua, mama na mtoto watakuwa hatarini.

Waliporudi nyumbani, Cecilia alishangaa minyoo iliingia lini. Zamani miguu ilimwasha akitoka shambani, lakini siku hizi haiwashi.

"Dada, miguu yangu imeshazoea," alisema.

"Haijazoea, mdogo wangu," Scholastika alimjibu. "Mwili una walinzi. Mnyoo mchanga akitoka udongoni na kupenya ngozi ya mguu, wanapambana naye. Muwasho ule ni vita yao. Lakini mnyoo huyu anajua kuwapoza. Anakaa tumboni miaka, anakunywa damu. Usipowashwa, usidhani hajaingia."

"Si amepewa dawa?" Yohana aliuliza. "Yameisha."

"Dawa itawatoa waliomo. Mwili haubaki na kinga ya kutosha kuwazuia wengine. Akirudi pekupeku, wataingia tena."

Kisha akasema mayai ya mnyoo hutoka na kinyesi, akauliza tukiwa shambani tunajisaidia wapi. Tulimwambia ukweli. Ni vichakani, ngazi ya juu. Mvua ikinyesha, uchafu wote huteremka kwenye matuta.

Sote tulipata dawa. Yohana alichimba choo pembeni mwa shamba, mbali na mfereji. Alimnunulia mkewe mabuti. Matuta akayafanya membamba, ili Cecilia apalilie akiwa amesimama kati yake bila kuyakanyaga.

Mjukuu wangu Faraja alizaliwa salama, ana sauti kubwa. Msimu uliofuata Cecilia alipanda mlima akiongea njia nzima. Mzee Anselmi, aliyekuwa akipita, alimwona shambani na mabuti. Akamwuliza kama hazionei huruma karoti zake.

"Zimeshazoea, mjomba," Cecilia alisema, akaendelea kupalilia.