Ndoo za Nusaiba

Adhana ya Alasiri ilipolia, Ahlam alianza kuhesabu ndoo. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na kazi yake nyumbani kwao Gongo la Mboto ilikuwa kupeleka maji bafuni. Watu wengine hutawadha kwa makopo mawili. Dada yake Nusaiba, wa kidato cha kwanza, alimaliza ndoo mbili, na sala ikampita akiwa bado anasugua viwiko.

"Dada, unatawadha au unafua?" Ahlam aliuliza mlangoni. "Hata kambale angekuwa ameshatoka majini."

"Niache. Nimekosea, naanza tena."

Mama yao, Bi Zubeida, alikuwa sebuleni akikunja nguo. "Wee Ahlam, muache mwenzio, anamuogopa Mungu. Wewe unatawadha kama kuku anayekunywa maji."

Majirani nao walimsifu Nusaiba: binti msafi, binti wa dini. Sifa zote zikawa za Nusaiba, ndoo zote za Ahlam.

"Niletee nyingine," Nusaiba aliita.

Ahlam akaichukua ndoo ya tatu, akaificha nyuma ya banda la kuku, akarudi akijizuia kucheka. "Maji yamekwisha."

Kisha mlango ukafunguka. Nusaiba alitoka mkono mmoja ukichuruzika maji, mwingine mkavu. Mikono ile aliyozoea kuificha ndani ya mikono mirefu ya baibui ilikuwa imepasukapasuka kama tope la kiangazi, na vidole vinatoka damu. Akampita Ahlam kama hamwoni, akakimbilia sebuleni, akaweka sikio kifuani kwa mama yake.

"Mama, unapumua?"

"Napumua, mwanangu. Una nini?"

"Mkono wa kushoto haujapata maji. Utakufa, na itakuwa mimi tena."

Ahlam akamfuata, akasimama mlangoni mwa sebule.

"Tena?" mama aliuliza taratibu.

Nusaiba akaketi sakafuni. "Siku ile ya mwisho ya Bibi, aliniomba maji ya kutawadha. Nilikuwa natazama tamthilia. Nikamwambia, ngoja kidogo. Nilipompelekea, alikuwa ameshakata roho. Tangu hapo, nikitawadha, moyo unaniambia kuna mahali pamebaki pakavu. Nisiporudia, nawe utaondoka."

Mama aliachia kanga aliyokuwa akiikunja. Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu wamzike Bibi. "Mtoto anaumia mbele yangu," alisema, "na mie nakaa nasifu."

Ahlam alitoka, akarudi ameikumbatia ile ndoo. "Maji yapo, dada. Nilidanganya." Akaanza kulia.

Kesho yake walikwenda hospitali. Daktari Demetria aliipaka mikono ya Nusaiba dawa, akamsikiliza mpaka mwisho, ndipo akasema, "Bibi yako alikufa kwa ugonjwa wa moyo. Maji yasingemrudisha. Wewe ulibaki na huzuni na kujilaumu, ukakosa wa kumwambia, hofu ikakupa kazi ya kufanya. Kila ukiitii, inaongeza kazi. Ni ugonjwa, na unatibika."

Wakapanga: atawadhe mara moja, atoke bafuni, asubiri. Hofu itapanda, kisha itashuka yenyewe. Na kila wiki aende kuzungumza na daktari. Ustadhi Matar wa madrasa, alipoelezwa, aliongeza lake: "Dini haikutaka ngozi yako, binti. Mara moja inatosha."

Haikuwa rahisi. Wiki ya kwanza Nusaiba alisimama nje ya bafu huku Ahlam amemshika kiwiko, akimsimulia vituko vya shule mpaka hofu ishuke. Siku nyingine ilimshinda, akarudi majini. Lakini kufikia mwezi wa tatu wa matibabu vidole vilikuwa vimepona, na Alasiri moja akaiwahi sala.

"Mama," Ahlam aliuliza jioni ile, "kwa nini hatukujua?"

"Kwa sababu tulipenda tulichokiona," mama alijibu. "Usafi ni jambo jema. Lakini mtu akinawa mpaka anatoka damu, hasifiwi wala hachekwi. Anakaliwa karibu, anaulizwa: unaogopa nini?"