Koti Lililokuwa Likienda Mwanza

Jumatatu, baada ya adhuhuri.

Gereji ya Riyadhi iko Hamugembe, imebanwa na vibanja vya migomba pande zote. Chumba cha nyuma hakikuwa na dirisha. Watu watatu walikaa juu ya matairi mabovu: Riyadhi mwenyewe, fundi na dereva wa Fuso, mtu wa maneno machache; Lukmani, mvunja maduka, ambaye polisi walikuwa wakimtafuta na ambaye chumba hicho kilikuwa maficho yake; na Kagaruki, aliyewahi kuwa karani wa wakili kabla ya kufukuzwa kwa udokozi.

Kagaruki ndiye aliyeongea.

"Koti linatoka Muleba keshokutwa. Koplo Kamala analileta Bukoba, limo kwenye bahasha ya kaki iliyopigwa lakiri. Kisha linapanda ndege kwenda Mwanza kwa mkemia wa serikali. Likifika huko, Najibu amekwisha."

Najibu alikuwa mdogo wake Lukmani, dereva wa bodaboda. Tangu msimu wa kahawa alikuwa mahabusu kwa mauaji ya mzee Rugemalira, mkulima wa jirani na Rubya, aliyechomwa kisu mlangoni kwake. Najibu alikutwa amepiga magoti kando ya maiti, damu mikononi. Koti lilikutwa limetupwa kwenye migomba.

"Muuaji alijikata," Kagaruki aliendelea. "Ndani ya mkono wa koti kuna damu yake. Wakipima vinasaba, hakuna wakili wa kubisha. Koti likipotea njiani, mnyororo wa kielelezo umekatika. Kazi ya kuthibitisha ni ya Jamhuri, tena bila kuacha shaka. Watathibitisha kwa kitu gani?"

Lukmani alimkazia macho. "Alikwambia kwa mdomo wake kwamba aliua?"

"Kwa mdomo wake. Akilia. Akaniambia, mama asijue."

Lukmani aliinamisha kichwa. Yeye mwenyewe hakuweza kwenda mahabusu kumwona. Angeingia getini pale asingetoka. Mama yao, Bi Maulida, alikuwa amemfungia mlango kwa ajili ya kazi zake. Kila alichokijua kuhusu Najibu, alikijua kwa Kagaruki.

"Damu isimwagike," alisema.

"Haimwagiki."

Riyadhi alijifuta grisi kwenye suruali. "Fuso ninayo," alisema. Basi.

Jumatano, asubuhi.

Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Kwenye mteremko wa kuingia Kemondo, Fuso iliyojaa ndizi ilikuwa imekaa mshazari katikati ya lami, kichwa kimeinuliwa, Riyadhi ameingiza mikono kwenye injini. Lukmani alilala kwenye migomba, bastola kifuani. Chini kidogo, Kagaruki alisubiri kwenye Korola iliyokuwa ikinguruma.

Pikapu ya polisi ilifika. Ikapiga honi. Ikasimama.

Lukmani alitoka. "Shukeni. Mikono kwenye boneti."

Konstebo aliyekuwa akiendesha alitii. Koplo Kamala, mtu mzima mwenye mvi, alishuka polepole, bahasha ameikumbatia.

"Kijana, hii si pesa. Haina faida kwako."

"Ilete."

"Nimeisainia. Kuna mtu ndani anaisubiri."

"Ilete, mzee. Tafadhali."

Neno hilo lilimshangaza Kamala. Akamtazama Lukmani kana kwamba anataka kumuuliza jambo. Hakuwahi kuuliza. Kagaruki alikuwa amefika nyuma yake na spana ya kufungulia magurudumu. Pigo moja, upande wa sikio. Mzee akaanguka, bahasha ikateleza kwenye tope.

"Nilisema damu isimwagike!"

"Okota!"

Lukmani alipoinama, konstebo alirukia mlango wa pikapu, akachomoa bunduki chini ya kiti. Mlio mmoja. Riyadhi alikaa chini barabarani, paja limefunguka. Lukmani akafyatua hewani, konstebo akajitupa mtaroni.

"Muache," alisema Kagaruki, tayari yuko kwenye usukani.

"Namuacha vipi?"

"Atatuchelewesha. Muache."

Lukmani alimbeba Riyadhi mgongoni, akamsukuma kiti cha nyuma, akamfunga paja kwa mkanda wake. Njia nzima hakumtazama Kagaruki usoni.

Jumatano, mchana.

Waliingia kwenye kibanja kilichoachwa na wenyewe, huko Katoma. Riyadhi alibaki garini, anatetemeka. Lukmani alishika bahasha. Alitaka kuona hilo koti. Alitaka kujua mdogo wake alikuwa amevaa nini siku aliyoharibikiwa.

"Usifungue," alisema Kagaruki. "Jasho lako likiingia humo, na wewe umo kwenye kesi."

"Si tunalichoma?"

"Basi choma. Unafungua ya nini?"

Lukmani akamwaga petroli. Akawasha kiberiti kwa mkono wake mwenyewe. Kagaruki alisimama pale mpaka vifungo vikayeyuka, kisha akachokoachokoa majivu kwa kijiti mpaka hakikubaki kipande. Akaaga kwamba anakwenda kutafuta dawa ya Riyadhi. Hakurudi.

Lukmani alisubiri mpaka midomo ya Riyadhi ikapauka. Akamshusha kwenye geti la hospitali, akapiga honi ndefu.

"Watakukamata hapa," alimwambia.

"Bora," alisema Riyadhi. "Nenda kwa mama yako."

Jumatano, jioni.

Bi Maulida alikuwa uani kwake Kibeta, anamenya ndizi. Alimwona mwanawe mkubwa, shati limeloa damu isiyo yake. Hakuinuka.

"Nani kakuruhusu kuingia?"

"Mama, nimekuja kukwambia usilie tena. Lile koti halipo. Najibu atatoka."

Kisu kilisimama. "Halipo vipi?"

"Nimelichoma."

Bi Maulida aliweka kisu kando ya ndizi. Aliongea kwa sauti ndogo.

"Koti lile ndilo nililokuwa naliombea kila swala. Najibu mwenyewe alitaka lipimwe. Wakili wake, Klaudia, ameomba mahakamani mpaka wakakubali. Omwana wange, mwanangu, akatoa damu yake kwa hiari. Alicheka siku hiyo, Lukmani. Akaniambia, mama, damu ile si yangu, sasa wataona. Alimkuta yule mzee anakata roho, akamshika kifua. Hakufanya lingine."

"Lakini alimwambia Kagaruki..."

"Kagaruki yupi? Anayekwenda kumwona ni mimi. Hajakanyaga pale Kagaruki."

Lukmani alikaa chini, kwenye maganda ya ndizi. Alikumbuka wiki ile aliyokufa mzee Rugemalira. Kagaruki alikuja gerejini amefunga kitambaa mkononi, damu imepenya. Alisema amekatwa na bati. Riyadhi ndiye aliyemfunga upya jeraha.

Kabla ya magharibi alikuwa mbele ya meza ya wakili Klaudia. Alieleza yote. Wakili alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Kagaruki akikamatwa, damu yake tutaipata," alisema. "Tutailinganisha na nini?"

Lukmani alivuta kiti, akakaa.

"Nitasema nilichofanya. Mahakamani."

"Ni unyang'anyi wa kutumia silaha. Miaka thelathini, na hakimu hana ruhusa ya kushuka chini ya hapo. Na ushahidi wako ni wa mshiriki, tena kaka wa mshtakiwa. Wataupokea kwa tahadhari kubwa."

"Andika, mama."

Polisi walimpeleka mahabusu ile ile ya mdogo wake. Najibu alikuwa ameketi ukutani, amekonda, macho makubwa. Habari zilikuwa zimemtangulia. Lukmani alichuchumaa mbele yake.

"Kaka," alisema Najibu, "uliamini kweli niliua?"

"Kagaruki alisema..."

"Sikuulizi Kagaruki. Nakuuliza wewe. Umenilea. Ulinipa pikipiki. Uliamini?"

Lukmani alifungua mdomo. Angeweza kudanganya.

"Niliamini," alisema.

Najibu aliitikia kwa kichwa, taratibu. Akainuka, akahamia upande wa pili.

Kagaruki alinaswa Mutukula akijaribu kuvuka mpaka. Alipata miaka thelathini ya unyang'anyi, sawa na Lukmani. Riyadhi pia, na mguu mmoja umekatwa. Koplo Kamala alipona, ila sikio lile halikusikia tena. Kwa mauaji ya Rugemalira, Kagaruki hakuhukumiwa, maana hakukuwa na cha kumfunga nacho zaidi ya maneno ya Lukmani.

Najibu aliachiwa. Jaji alisema upande wa mashtaka umebakiza shaka, na shaka ni haki ya mshtakiwa. Hakusema kwamba Najibu hakuua. Ephrasia, mjane wa Rugemalira, alisimama katikati ya mahakama na kuuliza kwa Kiswahili cha polepole, "Basi ni nani aliyemuua mzee wangu?" Askari alimwomba akae. Tangu hapo, ukipanda bodaboda Rubya, utaambiwa yule kijana alishinda kesi kwa sababu kaka yake aliiba ushahidi.

Bi Maulida huja gerezani kumwona Lukmani. Humletea ndizi za kuchoma na kumpa habari za mtaani. Siku moja Lukmani aliuliza amefikaje, na mvua yote ile.

"Najibu kanileta."

"Yuko wapi?"

"Nje, kwenye pikipiki."

"Ataingia?"

Bi Maulida alifunga upya kitambaa cha chakula, ingawa kilikuwa kimefungwa vizuri.

"Sijamuuliza," alisema. "Na wewe usimuulize. Mwache akae pale."