Mzee Amepoa

Nina nyumba ya vyumba sita vya kupangisha. Vyumba vimejipanga mstari mmoja, na mimi nakaa cha kwanza ili nimwone anayeingia na anayetoka. Wapangaji husema nina macho kisogoni. Sikatai. Lakini kuna jambo moja sikuliona, na nitalieleza kama lilivyokuwa, hata pale linaponiumbua.

Mwaka ule mvua ilikatika mapema. Bomba la mtaa lilitoa maji siku mbili kwa wiki, baadaye siku moja. Nilinunua tangi, nikaliweka uani, nikatia kufuli kwenye koki yake. Ufunguo niliuvaa shingoni. Kila asubuhi nilifungua na kugawa ndoo ndogo moja kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Ya kunywa, ya kupikia na ya kuoga yalikuwa humo humo. Nilijiona mtu wa haki.

Chumba cha mwisho alikaa fundi saa. Tulimwita Mzee Dakika, kwa sababu ukimpelekea saa alisema, "Dakika tu," halafu unaifuata wiki ijayo. Mkewe alikwisha kufariki, na binti yake alifanya kazi mji wa mbali. Chumba chake kilipigwa na jua mchana kutwa. Juu hakikuwa na dari, mabati matupu. Dirisha la nyuma nililiziba kwa matofali mwaka ambao wezi walitusumbua, na sikulifungua tena.

Siku ya kumi ya joto kali mzee alinijia. Aliomba mambo mawili: nimfungulie lile dirisha, na nimwongezee maji kidogo.

"Mzee wangu, nikikufungulia wewe hewa, nawafungulia na wezi," nikamwambia. "Na nikikuongezea maji, wenzako nitawaambia nini?"

"Basi, mama. Tutavumilia."

Akarudi chumbani kwake polepole, akishika ukuta. Nilifurahi kwamba hakubishana.

Kesho yake mchana nilimuuliza Mama Pacha, mpangaji wa chumba cha tano, kama mzee bado analalamika.

"Leo amepoa," akasema. "Hata sauti yake sijaisikia."

"Afadhali," nikajibu.

Jibu hilo linanikaba mpaka leo. Sisi husema mtu amepoa akiwa kimya. Husema pia amepoa hasira zikimtoka, na chai ikikaa mezani nayo imepoa. Kwa hiyo nilisikia nilichotaka kusikia. Kumbe mzee alikuwa anaungua, na ukimya wake ndio ulikuwa dalili.

Saa kumi Mama Pacha alikwenda kumjulia hali, akaniita. Mzee alikuwa amekaa kwenye meza yake, kibano mkononi, mbele yake hakuna saa. Alimwita Mama Pacha kwa jina la marehemu mkewe. Nilimgusa paji la uso, nikakuta la moto na kavu. Nikasema hii ni homa. Tukamlaza, tukamfunika blanketi zito ili atoke jasho, tukafunga na mlango upepo usimpige. Tulimfanyia yote hayo kwa huruma. Tulikaa naye hivyo saa nzima. Alipoanza kutetemeka ndipo tulipotafuta gari. Hospitali walijitahidi, lakini hakuiona asubuhi.

Baada ya mazishi alikuja mhudumu wa afya wa mtaa wetu, mwanamke mpole asiyezunguka maneno. Hakutaka kiti. Aliniomba tuingie chumba cha mzee saa nane mchana, tufunge mlango, tukae kidogo. Sikumaliza dakika tano. Nilitoka nikihema, nguo zimenata mwilini. Mzee alikaa humo siku kumi na moja.

Nilimuuliza kama ile ilikuwa homa. Akanieleza kwamba mtu aliyezidiwa na joto anaweza kufanana na mwenye homa. Mwili unakuwa wa moto, kichwa kinamuuma, anachanganya maneno, au ananyamaza tu. Pengine hata jasho linakatika.

"Lakini joto hili limetoka nje likamwingia," akasema. "Ukimfunika blanketi, unalifungia ndani."

"Tungefanya nini?"

"Mngemtoa nje, mkamweka kivulini. Mngempunguza nguo, mkamlowesha maji mwili mzima, shingoni na makwapani zaidi, huku mkimpepea. Na gari mngeliita papo hapo. Mtu anayeweweseka msimnyweshe maji, yatampalia."

"Maji yenyewe nilikuwa nimeyafungia."

Hakunibembeleza. "Ndiyo," akasema.

Nililia pale uani mbele ya wapangaji wangu. Nilipomaliza, nikamwambia anionyeshe pa kuanzia.

Tulibomoa yale matofali. Dirishani tukaweka nondo, wezi wasipite lakini hewa ipite. Tukafungua na tundu la hewa juu ya kila mlango. Fundi alipiga dari ya mbao nyepesi vyumba vyote, kisha akapanda juu kupaka mabati rangi nyeupe, maana nyeupe hulirudisha jua. Upande wa jua la jioni tulitundika turubai. Mhudumu alitufundisha pia kufunga madirisha na mapazia upande wenye jua, na kufungua kote nje kunapopoa.

Kuhusu maji, nilikuwa nimekosea hesabu ya ubinadamu. Maji ya kunywa tuliyatenga kwenye pipa safi lenye mfuniko na koki, na halikutiwa kufuli. Tunayopima sasa ni ya kufulia na ya usafi tu. Yaliyofuliwa nguo yanakwenda chooni. Koki ya tangi iliyokuwa inavuja miezi mitatu, huku mimi nikigombeza watu kwa kikombe kimoja, tuliibadilisha.

Kisha tulikaa kikao. Tuliandika nani anaishi peke yake, nani mzee, nani mjamzito, nani ana mtoto mchanga. Kila mmoja wao alipewa jirani wa kumgongea mlango asubuhi na mchana. Mama Pacha ndiye aliyeona kasoro.

"Tukiwauliza hamjambo, watasema hatujambo," akasema. "Sisi hata tukiwa taabani tunajibu hatujambo."

Mhudumu alicheka kidogo, akamkubalia. Tangu hapo hatuulizi hali. Tunauliza: umekunywa maji mara ngapi tangu asubuhi? Umekojoa lini? Leo ni siku gani? Na mtu anakunywa mbele yetu, hata kama hasikii kiu.

Msimu uliofuata joto lilizidi. Mama mkwe wa Mama Pacha alikuwa amekuja kukaa naye. Mchana mmoja aliulizwa leo ni siku gani, akajibu kwamba mbuzi wamekwisha rudi. Hatuna mbuzi. Tulimpeleka kivulini, tukamlowesha, tukampepea kwa kipande cha boksi mpaka gari likafika. Baada ya siku mbili alirudi kwa miguu yake, akiuliza nani kamwaga maji kwenye kitenge chake kizuri.

Mwisho wa msimu huo binti wa fundi saa alikuja kuchukua vitu vya baba yake. Chumba sikuwa nimekipangisha. Ilikuwa saa nane mchana, jua limekaza. Alisimama katikati ya chumba, akatazama dari, akatazama dirisha, akaweka kiganja ukutani.

"Hiki ndicho alichokaa baba?"

"Ndicho."

"Mbona hakina joto?"

Nikamweleza tulichofanya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kazi ya chumba hiki ilichukua muda gani?"

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia siku nne.

"Siku nne," akasema naye. Halafu akaanza kukunja nguo za baba yake, moja moja, nami nikamshikia sanduku.